Ndagala za Jury

Siku ya kutetea kazi yetu mbele ya jury, jopo la watahini wa chuo cha teknolojia, niliamka na mambo mawili kichwani: gauni langu la kitenge, ambalo Merveille alikuwa amelitapikia maziwa, na ndagala. Gauni nililifua, likakauka. Ndagala ndizo zilizoleta maneno.

Nieleze kidogo. Mimi naitwa Faida, mama wa mtoto mmoja, mwanafunzi wa masomo ya jioni. Mchana ninakausha ndagala, dagaa wa ziwa letu, hapa ufukweni Baraka pamoja na mama mkwe wangu, Mama Dorothée. Jua likianza kupoa, ninamfunga Merveille mgongoni tunaenda darasani. Huyu mtoto wangu amesikia habari za umeme kuliko nyimbo za kubembelezwa. Profesa akiongea sana, analala. Akinyamaza, analia. Wenzangu wanasema huyo ndiye atakuwa rekta, mkuu wa chuo.

Mwenzangu wa darasa na wa kazi hii ni Dieumerci, fundi wa simu pale sokoni. Tulitengeneza kikaushio: sanduku la mbao lililofunikwa nailoni safi, ndani chanja za wavu, na pembeni feni ndogo tuliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Plaque ya jua, yaani paneli ya sola, inaizungusha. Ndagala zinaingia mbichi, zinatoka kavu, hata kama mbingu imenuna.

Na mbingu za kwetu zinajua kununa. Wewe umeshaanika mchangani, umekaa unanyonyesha, ghafla wingu linatoka upande wa rasi ya Ubwari, bamama wote mbio na mabeseni! Zikilowa mara ya pili zinanuka, tunazirudishia ziwa. Chuo kilikuwa kimeahidi kwamba kazi moja ya mwaka huu itajengwa kwa ukubwa, itumiwe na watu kabla mvua hazijaanza. Nilitaka iwe yetu.

Mama Dorothée alilibatiza sanduku letu jina la jeneza.

"Mama Merveille," ananiambia kila asubuhi, "jeneza yenu iko na njaa leo?"

Ninacheka tu. Mama mkwe akikutania, bado anakupenda. Ogopa siku akinyamaza.

Sharti la jury lilikuwa moja tu: waone kwa macho yao. Ndagala za wavu mmoja, nusu zikaushwe mchangani kama kawaida, nusu sandukuni, halafu wazipime mbele ya watu. Zile za mchangani nilikuwa nimezitia kwenye beseni, ndani ya nyumba. Za sandukuni nilizikazia macho hadi zilipokauka, nikaziacha kwenye chanja zake uani ili wajumbe wajionee jinsi zinavyotoka. Nikaenda kisimani.

Niliporudi, Dieumerci alikuwa amefika na pousse-pousse, mkokoteni wa kuazima, amevaa tai. Tai ilikuwa fupi, imeishia kifuani.

"Faida," akasema, "kuja uone."

Chanja zilikuwa tupu. Safi kabisa, kama zimelambwa.

Hapo Mama Dorothée akaingia uani, anaimba wimbo wa misa, sahani tupu mkononi.

"Mama, ndagala yenye ilikuwa mu sanduku iko wapi?"

"Ile? Nilipelekea Hawa. Alizaa leo asubui, mutoto mwanamuke. We haukusikia vigelegele?"

Nikaweka ndoo chini polepole. Kwetu ufukweni, jirani akizaa, ndagala za kwanza kukauka ni zake. Ni fungu la mzazi, ili maziwa yashuke. Hakuna anayeomba ruhusa, na hakuna anayekataza. Merveille alipozaliwa, hata yule jirani tuliyekuwa hatusalimiani naye alileta zake, akaziacha mlangoni, akaondoka bila neno.

"Lakini Mama, ile ilikuwa ya jury!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Jury naye alizaa?"

Dieumerci aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, sikujua kama ni kilio au kicheko.

Njiani alinisihi. "Tuseme ni panya. Panya njo balikula."

"Panya anajua kufungua komeo na kufunga tena?"

"Kuko panya ya kijiji ya Lweba. Iko na akili mubaya."

Sikutaka. Nikasema nitaeleza kama ilivyokuwa. Mama Dorothée alitufuata nyuma, Merveille mgongoni mwake, akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Hakusema kitu njia nzima. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa jury alikuwa Profesa Anatole, mtu wa mahesabu, wa miwani, ambaye hajawahi kuonekana akicheka hata siku ya harusi yake. Tunasema picha zipo. Nilieleza hewa inavyoingia na joto linavyopanda, feni ikazunguka, watu wakapiga makofi.

"Vizuri," akasema. "Sampuli ya sanduku?"

"Profesa, haipo. Iko kwa mzazi."

Nikaeleza yote. Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye akasubiri waishe, akavua miwani.

"Madame Faida, mimi pia nilizaliwa hapa. Fungu la mzazi ninalijua. Lakini jury haiwezi kupima kitu ambacho hakipo. Tutasogeza hadi mwaka kesho."

Mwaka kesho! Mvua zote zingenyesha kwanza. Nikaona mabeseni ya akina mama yakimwagwa ziwani.

"Profesa, samahani." Sauti ilitoka nyuma. Mama Dorothée alikuwa amesimama. "Ni mi njo nilitwaa. Mutoto wangu haiko na makosa."

"Mama, nyumbani kulikuwa na ndagala za aina mbili. Kwa nini ulienda kufungua sanduku? Za beseni zilikuwa karibu."

"Za beseni?" Akashangaa kama alivyonishangaa mimi. "Zile ziko na muchanga, Profesa! Naweza pelekea muzazi muchanga?"

"Lakini ni hizo unakausha siku zote."

"Nauzisha! Kuuzisha ni ingine, muzazi ni ingine. Zamani, tulikuwa tunazifuta moja moja na kitambaa, mpaka macho inauma. Leo nilifungua jeneza ya bale batoto, nikakuta iko tayari. Nikasema, aa, jeneza, aksanti."

Kicheko cha safari hii kilikuwa cha namna nyingine. Akina mama waliokaa karibu na mlango walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Profesa Anatole alivaa miwani tena.

"Zimebaki?"

"Sijui. Lakini fungu ya muzazi haitokake mu nyumba. Mukitaka kuona, muende. Na kwa muzazi habaendake mikono mitupu."

Ndivyo jury nzima ilivyopita barabara ya Baraka mchana ule, profesa mbele na kipande cha sabuni, wajumbe wengine na sukari, Dieumerci nyuma na mizani. Kwa Hawa shangazi yake alitupokea mlangoni, akachukua sabuni kwanza, kisha akatukaribisha. Mizani akaiacha nje. Fungu la mzazi halipimwi.

Bakuli lilikuwa na ndagala chache. Profesa akachukua moja, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu huku amefumba macho. Alikuwa anasikiliza meno yake.

"Hakuna," akasema. "Hata chembe."

Akachukua ya pili. Shangazi akasogeza bakuli mbali naye.

Hatukungoja mwaka kesho tena: profesa alitupa nafasi, tukarudia jaribio juma lile lile, mizani ikiwepo na Mama Dorothée akilinda mlango wa sanduku kwa fimbo. Tukapita. Kikaushio kikubwa sasa kimesimama ufukweni, na chanja yake ya juu kabisa ni ya wazazi. Profesa mwenyewe aliichora kwenye mpango, ili utafiti usiliwe tena.

Mvua ya kwanza ilipotoka Ubwari, hakuna aliyekimbia. Mama Dorothée alikuwa amekaa anamchezesha mjukuu wake magotini, akanitazama tumboni, kisha akaitazama ile chanja ya juu.

"Mama Merveille," akasema, "ile kule juu iko tupu kabisa."