Kisanduku cha Mwamvua

Pembezoni mwa kitabu cha Yasini cha Bibi Mwamvua wa Ujiji yameandikwa kwa mkono majina ya marehemu wa ukoo, wale wanaosomewa hitima. Aliye hai haandikwi humo. Mjukuu wake Ziada alilijua hilo tangu utotoni, lakini haraka ina wenyewe, na siku moja haraka ilikuwa yake.

Ziada anafanya kazi mjini Kigoma, kwenye ofisi inayopiga picha vitabu vya kale. Kazi yake ni kuchora kisanduku juu ya kila jina pichani, kuandika linavyosomeka, kisha kukiunganisha na mtu mwenyewe, ili atakayemtafuta aonyeshwe pale pale alipoandikwa. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kitabu cha Bibi, na bosi wake, Walter, alikuwa akimhimiza Ziada alipofikia jina "Mwamvua binti Sefu". Kompyuta ikampendekezea Mwamvua pekee iliyemjua, yaani mwenye kitabu, bibi yake. Ziada akabofya, akaendelea na jina lingine.

Jioni alimkuta Bibi amejikunyata mkekani, chakula hakijaguswa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona nasikia watu wananisomea, mjukuu wangu? Nimekufa lini?"

Siku zilizofuata Bibi alinyauka kama mchicha juani. Kila akifumba macho alimwona mwali aliyelowa maji amesimama mlangoni, akimwambia watoke, wameshaitwa. Hospitali hawakuona ugonjwa. Ziada alipokumbuka alichobofya, alishikwa na hofu. Akamweleza Bibi yote.

"Basi yule ni dada yangu," Bibi akasema. "Mtumbwi ulizama wakivuka kwenda Kongo, hakuonekana tena. Nilipozaliwa, Baba akanipa jina lake."

"Kesho nakifuta kisanduku chenyewe."

"Usithubutu. Hana kaburi. Mpe haki yake."

Asubuhi Ziada alikata kiungo kile, akamwandikisha mtu mpya: Mwamvua binti Sefu, aliyezama ziwani. Kisanduku akakiunganisha naye. Walter alipouliza kwa nini analia, alimjibu kwamba macho yanamuuma.

Aliporudi Ujiji, harufu ya migebuka ilimpokea uani. Bibi alikuwa anakula kwa raha zake, uso umenawiri. Ziada alimshukuru Mungu kwa sauti, akakaa kula naye.

Jirani yao Skolastika akapiga hodi. "Bi Mwamvua, upo?"

Bibi hakugeuka. Jirani akaita tena, na Bibi akaendelea kutoa miiba ya samaki.

"Bibi, unaitwa."

"Si mimi," Bibi akajibu kwa upole. "Mwenye jina alikuja kulichukua mchana. Nimempa."

Ziada akarudisha tonge sahanini. "Sasa wewe ni nani?"

Bibi akaweka mwiba kando ya sahani. "Sijui," akasema. "Na siku yangu ikifika, mjukuu wangu, mtamsomea nani?"