Nchi Iliyokatazwa Kuuliza "Nani?"

Tangu nizaliwe mwizi hajawahi kuupita mlango wangu. Ukimtoa yule wa kwanza, na yule wa pili niliyemtilia chai nikamwonyesha na sanduku lilipo. Kwa hiyo naijua vizuri nchi ya Hodini, na wewe mwenye kompyuta sebuleni usicheke mapema, maana ndiyo nchi hiyo unayoifungua kila asubuhi.

Hodini ilikuwa nchi ya nyumba za kioo, zimepangana bondeni kama meno ya kitana, na madirisha ya kila nyumba hayakutazama uani wala barabarani bali masoko yote ya dunia, hata mwenyeji aliweza kuketi mkekani akachagua viatu vya nchi za theluji huku maharage yake yakichemka. Nyumba hizo zilikuwa na kumbukumbu: ulichokisema ndani zilikitunza ukutani, na ukikitaka zilikurudishia. Adabu ya nchi ilikuwa moja: hodi ikipigwa dirishani, mwenye nyumba huitika "Karibu" kabla hajainua macho, na neno hilo ndilo lililofungua komeo.

Basi waliingia wengi. Waliingia wauza dawa za upara, waliingia waleta zawadi za mashindano usiyoshiriki, na katika mikunjo ya nguo zao waliingia wadudu wadogo, kimya kama mchwa. Wahenga walikuwa na kinga zao: kubadili komeo kila mwezi, kumuuliza mgeni "Nani?" kabla hajakanyaga ndani, na kuweka nakala ya kila cha thamani kwa jirani. Lakini Jumbe Tamambili, aliyekula fungu lake kwa kila mchuuzi aliyevuka mpaka, shingo ikamnenepa hata kilemba kikaonekana kimepandwa mabegani, alizipiga marufuku kinga zote tatu. Kumhoji mgeni, alisema, ni kumtukana yeye.

Bi Zamda, mshona magodoro, alikuwa na kitu kimoja tu ukutani: sauti ya binti yake Rukaya, aliyefariki akiwa na miaka tisa, akihesabu vifungo na kuiruka saba kila mara. Siku moja hodi ikapigwa, tamu kama ya shangazi. Zamda akaitika. Alipoinua macho, wadudu walikwishaufunika ukuta mzima, na pale alipokuwa Rukaya pana maandishi: Ukitaka cha kwako, tuombe.

Aliomba siku nne. Hawakumjibu.

Akaenda kwa Jumbe. Siku hizo baraza lilifanyika nje ya kasri, juani, kwa kuwa, alivyoeleza Jumbe, hewa inayafaa mapafu yake.

"Umemkaribisha mwenyewe, bibi," Jumbe akamwambia. "Kasri langu halijaingiwa hata na sisimizi. Huo ni uzembe wenu watu wa bondeni."

"Haya baba, uzembe ni wetu." Zamda akajifuta jasho. "Nipe basi maji ninywe. Maji mtu hanyimwi, hata akiwa mzembe."

"Mleteeni maji!"

Walinzi wakatazamana. Hakuna aliyekwenda.

"Kulikoni?" Zamda akauliza. "Mtungi umefiwa?"

"Mlango uko wazi," Jumbe akadakia, "ila ndani wanafagia."

"Mimi nashona magodoro, baba. Vumbi ndilo chakula changu."

Akauendea mlango wa kasri, akausukuma. Haukutikisika. Watu wakaanza kusogea. Jumbe akainuka, akatabasamu kwa meno yote, akapiga hodi kama mtu anayefanya mzaha.

Sauti kutoka ndani, tamu kama ya shangazi, ikauliza, "Nani?"

Neno hilo lilikuwa halijasikika hadharani kwa miaka kumi na mmoja. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio.

"Ni mimi, mwenye nyumba," Jumbe akasema. "Nimetoka sasa hivi tu."

"Leo siku ya tatu, bwana," sauti ikajibu kwa upole, "unatuambia hivyohivyo."