Namsifu Yuko Nje ya Handaki

Jana mchana usingizi ulinibeba nikiwa kazini, hapo hapo kwenye kiti, nikaota ndoto ambayo naisimulia ilivyokuja. Sijaitia chumvi.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu za nje. Picha inakwenda, mimi naeleza kwa Kiswahili juu yake, sauti inanaswa, na wateja wa vibanda vya video huku Same wanaelewa. Wahusika wenye majina magumu nawapa majina ya watu ninaowajua. Ndivyo tunavyofanya sote, watu wanacheka.

Filamu ya jana ilikuwa ya mwisho wa dunia. Vumbi limeua mji, watu wanane wamejifungia handakini, mwanamke na wanawe wawili wamebaki nje wanagonga. Mwanamke huyo nikampa jina la dada yangu, Namsifu. Wiki iliyopita ndoa ilimshinda, akaomba kuhamia kwangu na watoto, nikamwambia nyumba imejaa. Basi hata mwenye handaki nikamtilia maneno hayo hayo mdomoni. Niliona aibu kidogo, ila nikaendelea.

Ndotoni nami nimo handakini, mmoja wa wale wanane. Nachungulia kwenye kitundu cha mlango. Anayegonga ni Namsifu mwenyewe.

"Fungua," nauambia mlango.

"Mimi nafuata tafsiri," unajibu. Ni mlango wa chuma, una sauti ya karani aliyechoka. "Ulisema nyumba imejaa, basi imejaa."

"Huyo ni dada yangu."

"Pole sana."

Mzee Kiangi, ambaye ndiye mwenye handaki, anaitisha kikao. Hakuna mtu mbaya mle ndani, na hilo ndilo lililonichosha. Wote wana adabu zao. Mwalimu mmoja anasema akiingia mmoja wataingia mia. Kopo la maharage linanyoosha mkono, linapewa nafasi, linaeleza kwamba limepimwa kwa watu wanane na halipendi kumdanganya mtu. Linapigiwa makofi.

"Ningekuwa nje mimi, ningeelewa," anasema Kiangi, huku akijifunika blanketi vizuri.

Nageuka nimjibu, na handaki limekuwa chumba changu cha pili, kile cha stoo. Spika zangu nne za zamani zimelala humo, kila moja na godoro lake na mto wake. Wajumbe wamebanwa pembeni. Namuuliza Kiangi kama spika nazo zinahesabiwa.

"Hao ndio wenye nyumba," ananijibu taratibu. "Sisi wageni tu."

Roho ikaniuma kwelikweli. Huko nje Namsifu anakohoa, na kikohozi kinazidi kufifia. Nasikia mtoto akimwuliza kama mjomba amelala.

"Hakuna njia yoyote?" nauuliza mlango.

"Mtafsiri akisema, picha inafuata. Lakini idadi haiongezeki. Aingie mmoja, atoke mmoja. Watoto hawahesabiwi, watalala miguuni."

Namtazama Kiangi, Kiangi anatazama dari. Mwalimu anafunga kamba za viatu ambavyo hajavaa. Kopo limeshageukia ukutani.

Basi nikasema kwa sauti yangu ya kazini, ile nzito: "Hapo mtafsiri akatoka."

Mlango ukafunguka. Tulipishana kizingitini, mimi natoka, dada anaingia na wanawe. Alifungua mdomo aniambie kitu, mlango ukajifunga. Vumbi likanijaa machoni. Nikakaa chini, na sikuogopa kama nilivyodhani ningeogopa.

Nikaamka. Filamu ilikuwa imekwisha zamani na kinasa sauti kilikuwa bado kinanasa. Nikarudisha nyuma nisikilize kama nilikoroma. Nilikoroma sana. Kisha sauti yangu ikasema, "Hapo mtafsiri akatoka." Chuma kikalia. Na nyuma ya chuma mwanamke akasema, bila haraka, kwa Kiswahili cha kwetu chenye Kipare ndani yake:

"Kaka, rudi ndani. Tutabanana."