Jiwe la Kusugulia Miguu

Vumbi la barabara ya Machochwe halina hodi. Gari la watalii likipita kwenda hifadhini, vumbi linaingia lenyewe, jekundu, linakaa juu ya maji, juu ya majani ya mihogo, juu ya kope za Bibi Eugenia. Naye analitazama kwa jicho la pembeni, kama mgeni asiyesema ametoka wapi.

Siku hizi anatazama kila kitu hivyo. Kuna mwizi humu ndani.

Zilianza ndimu. Mbili, kisha tatu, na samaki hajapikwa. Ikafuata dawa ya meno, ikaminywa mpaka ikasinyaa. Halafu likapotea jiwe lake la kusugulia miguu, lile jeusi aliloliokota mtoni akiwa mke mpya. Ndimu mtu atakula. Jiwe ataliiba nani?

Alimshuku Beryl, mkamwana wake, kwa kuwa katoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari na mizigo yake haiishi kufungwa na kufunguliwa. Alimshuku hata paka.

Hakumshuku Rhobi. Mjukuu wake, darasa la sita, shikamoo yake inakufikia kabla hujageuka. Ila mbona sweta juani? Mbona ndoo mbili za kuoga? Mbona vumbi likija anajifunika kitambaa kama mtu anayetafutwa?

Kuna mwizi humu ndani, na mwizi anaoga sana.

Jumamosi walikuwa wanapukuchua mahindi. Mkono wa sweta ukapanda. Kiwiko kilikuwa kibichi, kimechunika, kinang'aa majimaji, kinanuka ndimu na dawa ya meno. Na mfuko wa sweta ulikuwa mzito. Bibi alitia mkono, akalitoa jiwe lake.

"Nani kakuambia wewe mchafu?"

Rhobi aliendelea na gunzi lake. "Shuleni mgeni akija, wanaompa maua ni wale weupe. Mimi napangwa nyuma."

"Mwalimu gani huyo?" Bibi alishapata mwizi wake. Alishaanza kufunga khanga kiunoni.

"Sio yeye aliyeanza, Bibi. Kitendawili."

"Tega," alisema Bibi, kwa mazoea tu.

"Usiku umeamka mapema, umekuja kunywa chai."

Punje zikaacha kudondoka.

Hicho alikitega Bibi mwenyewe, Krismasi, ukoo mzima umekaa. Ua wote uliitikia: Rhobi huyo. Beryl alicheka mpaka akamwaga chai. Rhobi naye alicheka, mkono mdomoni. Na Bibi, mtegaji, siku hiyo alijiona mtamu kuliko asali.

Kuna mwizi humu ndani. Anajua majibu yote. Kila asubuhi anapewa shikamoo, na anaipokea.

"Nimeshindwa," alisema Bibi, naye jibu analijua. "Nikupe mji gani? Chukua Mugumu. Chukua Tarime na soko lake."

"Siitaki."

"Sasa unataka upi?"

"Nipe mji ambako mimi sio kitendawili."

Bibi aliutafuta mji huo katika miaka yake sabini, nyumba kwa nyumba. Hakuuona.

"Huo sina, mjukuu wangu. Labda tuanze kuujenga na hapa uani. Mimi sitamfanya mtu kitendawili tena."

Rhobi aliokota gunzi jingine. Bibi aliinama, akalisukuma jiwe chini ya kigoda chake kinachoyumba. Kikatulia.

Gari likapita. Vumbi likaja, halikubisha. Bibi akatazama kwa jicho la pembeni, akingoja kitambaa. Kitambaa kilitoka, kikapanda, kikasita hewani.

Kisha Rhobi akamfuta bibi yake kope, moja, na nyingine. Uso wake mwenyewe akauacha wazi kwanza.