Maharagi Yenye Avenue Muzima Ilipika

Mukisikia mwanaume mwenye anatumikaka ku bureau ya État, ndiyo serikali, ameingia mu congé ya kupumuzika, mumuhurumie bibi yake. Nasema hivi juu niliona na macho yangu. Bwana yangu Valentin, akiwa ku kazi, ni mutu muzuri kabisa. Anatoka asubui, anarudia magaribi, anakula chenye anapata, analala. Mais umuache mu nyumba mwezi muzima bila kazi, na macho yake inaanza kuona bitu. Anaona kiberiti. Anaona sabuni. Anaona bibi yake anatia sukari mu chai.

"Kanyere," aliniambia asubui ya kwanza ya congé, "unajua hii nyumba inavuja?"

Nikaangalia mabati. "Wapi? Mvua hata haijanyesha."

"Hapana mabati. Ni franga ndiyo inavuja."

Nikajua nimekwisha.

Valentin ni mutu wa Kikwit, kule mbali. État ilimutuma Beni, ndiyo kule alinikuta nauzisha bikwembe, nguo ya kujifunga, akanioa, kisha bakamuhamisha Butembo, tukapanga nyumba hapa Bulengera, juu kabisa ku mwisho wa avenue. Mimi ni Munande wa Kasugho. Musifikiri ni mimi napenda kutupa-tupa. Kwetu mutoto mwanamuke anajua kuchunga franga mbele hajajua kusuka nywele. Mais kati ya kuchunga franga na kupasula kiberiti na wembe, kuko mupaka.

Ndiyo, alikuwa anapasula kiberiti na wembe. Njiti moja anataka ikuwe mbili. Mara nyingi upande mumoja ulibaki bila kichwa, naye hapana kutupa, anautia mu kopo, anasema siku moja utatumika. Majani ya chai, tukisha kunywa, alianika juu ya bati ili tupike tena. Kuku ya jirani ikaikula, ikakimbia-kimbia mu parcelle, mu kiwanja yetu, muchana muzima, hakuna mutu aliweza kuikamata. Biatu yake ya kazi alifunga mu plastique, akasema nayo iko mu congé. Mabaki ya sabuni alishona mu soksi ya zamani, akanipa. Batu ya Mungu, nilioga na soksi! Mimi, na tumbo yangu mbele, mwezi ya kuzaa iko karibu, niko najisugua na soksi ya mwanaume.

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikaanza kugombana na sahani.

"Ni juu ya mutoto," alinijibu kila mara. "Mutoto anakuya, Kanyere. Maternité itataka franga, nguo itataka franga."

Basi nabeba soksi yangu, naenda kuoga. 

Sasa, habari ya ile soksi ikatembea. Sijuwe nani aliibeba, mais kutoka Bulengera ilipanda njia ya Lubero, ikaingia mu pori ya Kasugho, ikafika mu masikio ya mama yangu, Mama Rébecca. Akanipigia simu.

"Kanyere, unaoga na nini?"

"Sabuni, mama."

"Iko ndani ya nini?"

Nikaficha ile soksi nyuma yangu, kama vile anaiona.

"Nakuya siku ya ine," akasema. "Nitaona chenye unakulaka mu ile nyumba. Nikikuta njaa, nakubeba. Utazalia kwetu, na utabakia kwetu mpaka mutoto atembee."

Nilibaki na simu mu mukono. Mama yangu akisema nakubeba, anakubeba. Na mimi sikutaka kwenda. Ya kwanza, meza yangu ya bikwembe ku soko. Meza yenye iko chini ya bati, karibu na njia! Uiache hata juma mbili, unarudia unakuta mwanamuke mwingine amekalia kiti yako na anakuuliza unatafuta nini. Ya pili, naona haya kuisema, mais naisema: ninamupenda yule mutu na soksi yake.

Nikamuelezea Valentin yote. Kwa kweli aliogopa. Akazunguka mu parcelle na kandambili yake, kisha akarudia na uso ya mutu mwenye amepata jibu.

"Tutamupikia maharagi. Sufuria muzima, ile kubwa. Atakula mpaka akatae."

"Maharagi inakula makala sana, Valentin. Utakubali tuwashe babula tangu asubui mpaka saa sita?"

"Babula? Hapana. Makala yetu haitaguswa."

Akanieleza. Avenue yetu inapanda mulima. Chini kabisa kuko Mama Mélanie, anapikaka beignets, ndiyo mandazi, asubui-asubui; akimaliza, babula yake inabakia na moto mingi ya bure. Katikati kuko Zorobabel, fundi wa nguo, anapigaka pasi ya makala, naye moto haimukoseke. Juu kidogo, mbele ya kufika kwetu, kuko Mama Jokébed na kamalewa yake, batu banakula pale muchana. Sufuria yetu itaanzia chini. Moto ikichoka kwa Mélanie, anaipandisha kwa Zorobabel. Ikichoka kwa Zorobabel, anaipandisha kwa Jokébed. Saa sita sufuria inafika kwetu, maharagi imeiva, na sisi hatukuwasha hata kakala kamoja.

"Na chumvi?" nikamuuliza.

Nilimuuliza hivyo juu avenue yetu iko na sheria. Mutu akikupatia moto yake upike, ana haki ya kuonja chumvi.

"Kijiko kimoja kila nyumba," Valentin akasema. "Ndiyo bei ya moto. Hakuna bei ndogo kuipita ile mu Butembo yote."

Mimi najua majirani yangu. 

Siku ya ine, Valentin mwenyewe aliteremusha sufuria asubui. Ni sufuria yenye mama alitupatia ku ndoa. Mukono ya kifuniko ilikatikaka zamani, ingali kwetu, na mama aliifunga na waya na kipande ya muti, mafundo tatu-tatu, kazi ya mutu mwenye hatupake kitu. Nilitia maharagi yangu yote ya mu nyumba, na mafuta ya mawese, na kitunguu. Nilisikia uchungu kuiona inaenda.

Kisha tukangoja. Valentin alikaa mu kiti, shati amevaa kinyume ili upande wa inje upumuzike. Mimi nilikuwa na njaa. Asubui nilikunywa chai tu, juu yeye alisema nichunge nafasi ya maharagi. Saa sita ikafika, ikapita. Hakuna sufuria, hakuna mama. Mutoto alikuwa ananipiga mateke ndani ya tumbo, na mimi nilianza kumuelewa.

Mwishowe tukasikia sauti mu njia. Mama yangu alikuwa anapanda, amefunga kitambaa ku kichwa, kikapo ku mukono, na ndani ya kikapo jogoo ya kwetu inatoa kichwa. Alitembea na miguu kutoka parking, juu hakuna motard wa pikipiki mwenye ataweza kukula franga yake. Uso yake ilikuwa inaangaza jasho. Nyuma yake alikuya Mama Jokébed, amebeba sufuria yetu.

"Wasingya, wasingya!" mama akatusalimia, akakalia kiti polepole, mukono ku tumbo. "Majirani yenu ni batu ya Mungu. Sikujua nyumba yenu, niliuliza kwa Mama Mélanie. Akanikalisha, akanipa kukula. Nikafika kwa Zorobabel, akanikalisha, akanipa kukula. Huyu naye akanipa, akaniongezea. Na kila mahali maharagi!"

Nikamuangalia Valentin.  Akapokea sufuria, akafungua kifuniko. Ndani mulikuwa supu, na pale chini maharagi kidogo, ungeweza kuipa majina moja-moja.

"Mama Jokébed!" akapiga kelele. "Tulisema kijiko kimoja!"

"Mimi?" Jokébed akashika kifua. "Kijiko yangu ni kimoja tu. Mais mugeni ni wa nani? Si mama ya Kanyere? Maharagi ni ya nani? Si ya Kanyere? Mélanie alimupa bitu ya Kanyere, mutoto yake, Zorobabel alimupa, mimi pia nikamupa. Zambi iko wapi hapo?"

Akatuachia swali, akateremuka kwake. 

Mama akavua kitambaa, akajipangusa jasho. Sauti yake ikabadilika.

"Valentin, mukwe yangu. Pale kwa Mélanie, niliona kifuniko. Ile waya ni mimi nilifunga. Nikasema, ah bon, sufuria yangu inatembea? Basi nikule, nione kama ku mwisho ya njia kutabakia kitu ya mutoto yangu. Kwa Zorobabel tumbo ilikataa, nikailazimisha. Sasa nimefika. Niambie: Kanyere amekula nini leo?"

Valentin akaangalia kandambili yake.

"Chai," nikasema mimi.

"Majani ya mara ya kwanza ao ya pili?"

Nyamuhanga, Mungu wangu, hata hiyo alijua! Ningesema ya kwanza. Nilikuwa tayari kusema. Mais Valentin hajuake kudanganya, ni ugonjwa yake.

"Ya tatu, mama," akasema.

Mama akasimama. "Kanyere, funga bitu yako."

 Niliingia mu nyumba, nikatandika kikwembe chini, nikaanza kutia nguo, na machozi ilikuwa inanitoka mpaka ku shingo. Nililia juu ya meza yangu, nililia juu ya Valentin, na musinicheke, nililia pia juu ya njaa. Niko pale, naye akaingia. Hakuniangalia. Akapiga magoti, akaingiza mukono chini ya kitanda, akavuta gunia ya makala. Gunia muzima, mudomo ingali imeshonwa! Na mimi nilikuwa nalala juu yake kila siku bila kujua.

Akaikokota mpaka inje, akaipasula, akamwanga makala mu babula mpaka ikapanda mulima, ingine ikaanguka chini. Akatoa kiberiti. Akachagua njiti nzima, yenye haijapasuliwa, akaiwasha.

"Mama," akasema, mikono yote nyeusi. "Hapana kumubeba. Hii makala nilificha juu ya siku ya kuzaa, maji ya moto isikose. Nilifikiri mutoto, mutoto, kila siku mutoto. Nikasahau mwenye anamubeba."

Akasimama pale na shati yake ya kinyume. Mama alimuangalia. Moto ilianza kulia ndani ya babula. Kisha mama akatoa jogoo mu kikapo, akamupatia.

"Chinja," akasema. Na bila kugeuka akapaza sauti kwangu: "Kanyere, fungua ile kifurushi. Unakunja nguo bure."

Nilifungua mbio kuliko vile nilifunga.

Tukaweka jogoo ku moto. Jogoo ya Kasugho ni ngumu, inataka saa yake, na mimi nilikuwa nakaa karibu na babula namezea harufu. Mama alikaa ku upande ingine. Nikaona anaangalia makala, anakunja uso, anaangalia tena.

"Moto hii ni mingi," akasema mwishowe. "Inapotea bure. Hapa kungeivia sufuria tatu."

"Ine, mama," Valentin akajibu. "Kama unazipanga muzuri."

Bakaangaliana. Mama akacheka! Mama yangu, mwenye alikuya kunibeba, alicheka na yule mutu, na niliona wazi kama amekwisha kumukubali. Bakaanza kuongea juu ya majivu, namna ya kufunika makala na majivu ili isiishe. Mama akamuuliza kama ile soksi inakamataka sabuni ya kila namna.

Mbele jogoo haijaiva, majirani bakafika. Mama Mélanie wa kwanza, na sufuria yake ya maharagi ku kichwa. Zorobabel nyuma yake, na sufuria ya birayi, bile biazi ya kizungu. Mama Jokébed na sombe, majani ya muhogo, hata haya hakuna ku uso yake.

"Tulisikia kwenu leo kuko moto," Mélanie akasema.

Valentin akaniangalia. Mama akaniangalia. Nikasimama polepole, mukono ku mugongo, nikaingia mu nyumba, nikarudia na kijiko. Nilichagua kile cha kupakulia bugali.

"Karibuni," nikabaambia. "Muweke. Mais sheria ya avenue munaijua."

Nilifungua kwa Mélanie wa kwanza. Maharagi ilikuwa imekwisha kuiva nusu, imenona, na kitunguu mingi. Nikaonja chumvi. Nikapumua. Nikarudisha kijiko ndani.

"Eh, Kanyere!" Mélanie akapiga kelele. "Ni kijiko kimoja tu kila mutu!"

"Sisi tuko batu babili," nikamujibu, nikapiga tumbo yangu na mukono.

Mama yangu akashika kifuniko ya Mélanie, akaiweka mbali, na mimi nikateremusha kijiko tena.