Jina Kwenye Shamba la Mama

Mjomba Dadi alikuja kwetu siku moja baada ya siku ya wazazi shuleni, akakataa chai. Mama alipoona kikombe kinarudi kimejaa, akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa chini. Mjomba akikataa chai ya dada yake, ujue kuna jambo.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba. Na wewe kaa hapo. Jambo lenyewe limetoka mkononi mwako."

Nilijua anasema nini. Jana yake, darasani kwetu Kidato cha Tatu, Mwalimu Jonathan aliwaonyesha wazazi ramani yetu ukutani kwa projekta. Mwalimu Jonathan anafundisha Jiografia, ni mtu wa Bukoba, na huku kwetu mlimani ana mwaka mmoja tu. Vishikwambi vya shule vilipofika, walimu wengine walitaka vikae kabatini visije vikavunjika. Yeye akatugawia. Akasema miaka inayokuja mtu asiyejua ramani na takwimu atakuwa kama asiyejua kusoma. Kazi yetu ilikuwa hii: mnakwenda wawili wawili, mnalizunguka shamba na kishikwambi mkononi, mpaka wa shamba unajichora wenyewe kwenye kioo, mkimaliza mnajaza zao, ukubwa, mmiliki. Tulipima mashamba arobaini na moja.

Wazazi walifurahi kweli, hasa waliposikia kazi yetu imefika mpaka Dar. Mwalimu akigusa shamba linawaka kijani, maandishi yanatokea, watu wanapiga makofi. Mpaka alipogusa la kwetu, lile la bondeni. Zao: ndizi na mdalasini. Mmiliki: Abdulswamad Hamisi.

Abdulswamad Hamisi ni baba yangu.

Mjomba alikuwa kwenye dawati la mbele. "Iache hapohapo, mwalimu," akasema. Umeme ukakatika, na ramani ikaishia hapo.

Kama wewe si wa kwetu hutaona kosa liko wapi. Huku Uluguru shamba ni la ukoo wa mama, tunauita lukolo. Lile shamba mama kapewa na ukoo wake, na siku moja litakuwa langu, halafu la watoto wangu. Baba ni mkwe. Analima, anakula, lakini si lake, na mkwe mwenye adabu hapandi miti ya kudumu bila kuomba. Baba alipanda. Miche hamsini ya mdalasini, miaka mitatu iliyopita, hakumwambia mtu. Mjomba hajasahau mpaka leo.

"Maimuna," akamwambia mama, "mumeo alianza na miti. Sasa kamtumia mtoto kuandika. Kesho analeta nini, bati ajenge nyumba?"

"Kaka, mimi sijui lolote."

"Hujui, au hutaki kujua? Jumapili tunakaa palepale shambani, na yeye aje. Kama mmekubaliana mambo haya, shamba linarudi kwenye ukoo, analima Asha."

Asha ni mama mdogo, mdogo wake mama.

"Na mimi na watoto tule nini?"

"Muulize mumeo na kompyuta yake."

Alipoondoka tu mama akampigia baba. Baba anafanya kazi kwenye miwa Kilombero, anakuja mwisho wa mwezi. Simu ya mama mpaka uweke sauti ya nje ndiyo usikie, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mimi? Maimuna, mimi hata kukiwasha hicho kidude sijui!"

"Wiki ile si ulimwambia mtoto apime mpaka mdalasini wa mwisho?"

Kimya kidogo. "Nilikuwa naongea na mwanangu tu."

"Ulikuwa unaongea na mwanao, au ulikuwa unapima shamba?"

Mama akakata simu. Akanigeukia.

"Sabra. Baba yako alikwambia uandike jina lake?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Usimfichie. Mimi ndiyo mama yako."

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno yote, yamejipanga, lakini mimi nikiangaliwa hivyo hayatoki. Nikainamia miguu yangu. Na mama akachukua ule ukimya akauweka upande wa baba.

Ukweli ni huu. Baba alisema kweli nipime mpaka mdalasini wa mwisho, nisiache hata mche mmoja. Kuhusu jina hakusema neno. Siku ile shambani mvua ilianza, Editha mwenzangu ananifunika na jani la mgomba, anapiga kelele, "Harakisha bwana, kitaingia maji!" Kishikwambi kinataka majina mawili, bila hivyo hakiendi mbele. Na mimi tangu darasa la kwanza kila fomu ya shule inayouliza mkubwa wa nyumbani najaza jina la baba. Mkono uliandika kabla sijafikiri. Editha angenistua, lakini mama yake ni nesi, wametoka Singida, mambo ya ukoo wa mama hayajui.

Ni hivyo tu. Lakini usiku ule nami nilianza kujiuliza. Kwa nini baba alitaka kila mche? Kwa nini alinyamaza kwenye simu?

Shuleni Editha akanidaka mlangoni. "We Sabra umeyakanyaga! Kijiji kizima kinasema baba'ako kajimilikisha shamba kwa tableti."

"Nyamaza basi."

"Ninyamaze mimi tu, hao wengine je?"

Nikaenda ofisi ya walimu, nikasimama mlangoni mpaka Mwalimu Jonathan akainua kichwa.

"Unaingia, Sabra, au umeajiriwa kulinda?"

Nikamwambia. Nilichukua muda, lakini nikamwambia. Akakuna kichwa. "Lakini lile ni zoezi tu, siyo hati. Hakuna anayepata shamba kwa zoezi la Jiografia."

"Kama ni zoezi tu, mbona limetumwa Dar?"

"Halijatumwa kwa mtu. Linatunzwa kwenye mtandao, wenye programu wako kule."

"Wanalifanyia nini, mwalimu?"

Akavuta rundo la madaftari, akaanza kuyasahihisha. Hapo nikaanza kumtilia shaka na yeye, pamoja na ukarimu wake wote.

"Jumapili nitakuja," akasema. "Nitakuja na kishikwambi."

Jumapili tulikutana chini ya migomba. Mjomba Dadi, wazee wawili wa ukoo, mama, mama mdogo Asha, Mwalimu Jonathan na kishikwambi chake, na Mzee Said wa ng'ambo ya mto. Mzee Said si wa ukoo wetu, ni kaka wa mke wa mjomba, lakini huku kikao cha ardhi hakikai bila jirani wa kushuhudia. Baba alilala Morogoro mjini, asubuhi akapanda bodaboda, akatufikia na matope mpaka magotini. Akaamkia wote. Wazee wakaitikia wakiangalia pembeni.

"Shemeji," mjomba akaanza, "haya, tueleze. Ulimtuma mtoto?"

"Sikumtuma."

"Jina likaandikika lenyewe, kama upele."

Mama mdogo Asha akacheka. Mama hakucheka, wala hakumwangalia baba. Nikaona kabisa namna itakavyokwenda: baba atakataa, hawatamwamini, mama atapokonywa shamba, na mimi nitakuwa nimekaa hapa kimya kama kisiki. Nikasimama.

"Mjomba, niliandika mimi. Hakuna aliyeniambia. Nilikosea."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema mbele ya wazee. Nilifikiri nikishasema, basi, limekwisha.

Mjomba akamwangalia baba, akatabasamu kwa ubaya. "Umemfundisha vizuri."

"Mtoto huyu hata salamu unamkamua," mzee mmoja akasema. "Leo kasema maneno yote hayo kwa mkupuo? Kakaririshwa huyu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Unanyamaza, unashukiwa. Unasema, unashukiwa zaidi. Mama naye alikuwa ananiangalia, na nikaona hata yeye hana uhakika.

Mwalimu Jonathan akanipa kishikwambi. "Waonyeshe shamba lenyewe, wasome wenyewe."

Nikakiwasha. Kusoma naweza, kusoma hakuna mtu anayekuangalia usoni. Sikusoma la kwetu peke yake. Nilijua moja la jirani ambalo nalo nililijaza mimi siku ileile ya mvua, nikaligusa.

"Shamba la kina Bi Yuliana," nikasema. "Limeandikwa Laurenti."

"Laurenti?" Mama mdogo Asha akashtuka. "Yule mkwe wao? Lile si la bibi yao Yuliana?"

Nikagusa la pili yake. Hili walipima wengine, sijui walijazaje. Jina la mwanamume. La tatu, mwanamume. Wote darasani tulifanya vilevile, wote na fomu zetu za tangu darasa la kwanza! Nikaendelea kugusa na kusoma, sauti ikaanza kupanda, nikavuka mto kwenye ramani, nikagusa shamba kubwa la minanasi. Nikalisoma kimoyomoyo. Nikanyamaza.

"Mbona umenyamaza?" mjomba akauliza.

"Kishikwambi kizito, mjomba."

"Uongo. Unaficha nini hapo? Soma!"

"Mjomba..."

"Soma kwa sauti, kila mtu asikie!"

Nikasoma. "Zao: nanasi. Mmiliki: Dadi Mloka."

Lile shamba la minanasi ni la ukoo wa mke wa mjomba. Kwa Mzee Said. Kule ng'ambo, mjomba wangu ni mkwe tu, kama baba yangu alivyo mkwe huku.

Mzee Said akajisogeza taratibu. "Kumbe na wewe, shemeji."

"Said, wallahi mimi sijui lolote."

"Jina likaandikika lenyewe?"

Mama mdogo Asha akajifunika kanga mdomoni, mabega yanaruka. Wazee wawili wakaanza kuangalia migomba kama hawajawahi kuiona. Mjomba alijipapasa shingo, akakaa kwenye gogo.

"Watoto wamekosea," akasema mwishowe. "Watoto wote wamekosea. Mwalimu, hiki kidude kinafutika?"

"Kinafutika. Aliyeandika ndiye anafuta."

"Basi afute. Na hao waliojaza la ng'ambo kesho uwafuate asubuhi, kabla ya kuhesabiwa namba mstarini, kabla ya chochote."

Nikafuta jina la baba. Nikaandika Maimuna, kisha jina la ukoo wa mama. Mjomba akanisimamia begani, akaniambia nimsomee, halafu nimsomee tena.

"Na huko Dar nako limefutika?"

"Bado," mwalimu akasema. "Mpaka lipate mtandao. Huku bondeni hakuna."

"Basi tupande."

Tukapanda wote, kikao kizima, mjomba mbele, mwalimu kainua kishikwambi juu ya kichwa kama anakinga mvua, Mzee Said nyuma ya mjomba hambanduki hata hatua mbili. Tulipofika karibu na msikiti kikalia. Mwalimu akawaonyesha kioo. Imetumwa.

Mjomba akamgeukia mama. "Haya. Shamba ni lako, lima." Halafu akaanza kushuka njia ya mtoni na Mzee Said, wakibishana.

Mama akakaa palepale kwenye jiwe, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Baba alikuwa nyuma yangu, anajipangusa matope. Akaniinamia sikioni.

"Lakini lilikaa vizuri lile jina, eh?"

Nikageuka. Alikuwa anacheka, meno yote nje. Nikamwangalia macho, sikuona kama yanacheka au hayacheki. Nikamwangalia mama, kama amesikia. Alikuwa anaangalia chini bondeni, kwenye shamba lake, nadhani anahesabu miti.