Nyusi za Marehemu

...lakini nyusi alizipaka au hakuzipaka, Vendel anajiuliza, jasi imeshamwagwa usoni kwa marehemu Gelencsér na kopo la mafuta ya mgando liko dirishani, limefunikwa, paji alipaka, pua alipaka, masharubu aliyapaka mara mbili, nyusi je, na jasi ikishika nywele kavu huondoka nazo zote, kila mchongaji hapa Budapest anajua hilo, miaka thelathini anachukua sura za maiti kwa jasi, zibaki vinyago vya kumbukumbu, hajawahi kusahau... kusahau! Nani kasahau? Umeziruka makusudi, Vendel, Mungu anakuona... "Itatoka vizuri, fundi?" anauliza mjane Gizella, kiti chake kimegusa kitanda, "watu wa chama wanaitaka kwa jumba lao, mimi namtaka mume wangu tu," naye anajibu, "Tulia, mama, bado dakika kumi," sauti shwari kabisa, mnafiki mkubwa, maana mkono huu wa marehemu uliolala juu ya shuka ndio uliotia sahihi, mdogo wake Vendel, Ambrus, akapelekwa kambini kuvunja mawe, akafia huko, hata kaburi hawakuonyeshwa, sura yake ameifinyanga kwa udongo mara saba na mara saba ameibomoa, kidevu kinakuja, masikio yanakuja, nyusi hazikumbuki tena, nyusi za ndugu yake wa tumbo moja! basi na hili zee lizikwe bila nyusi, likome... "Alikuwa na nyusi huyu!" mjane anacheka huku analia, "kila Jumapili nazipunguza kwa mkasi wa kushonea, anafoka, 'Gizi, utanitoboa jicho!'" na kabla Vendel hajamzuia ameshaweka kiganja juu ya jasi, "Yesu wangu, ana joto! Fundi, ana joto!" na Vendel anataka kusema ni jasi tu, mama, ikianza kushika hupata moto, lakini anageuka kulitazama kopo dirishani, kwa sababu punde tu bibi huyu atamwona mumewe amenyonyolewa kama kuku, na yeye hakutia sahihi popote, kosa lake kupenda tu, na Ambrus hatarudishiwa sura hata zing'olewe nyusi za Budapest nzima, nimefanya nini, mimi mzee mzima, nimefanya nini... "Ana joto," mjane anarudia taratibu, mkono hautoi, na Vendel, aliyekuwa akihesabu dakika, sasa anaomba kimoyomoyo jasi isikauke.